Mikanda ya Injini kwa Gari la Porini: Shajara ya Land Cruiser ya 1HZ, Arua

11 Januari 2025. Gari na kazi yake

Gari ni Land Cruiser HZJ75 pikapu yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo. Mwenyewe ni daktari wa mifugo anayezunguka vijijini West Nile akichanja ng'ombe na mbuzi, na mimi ndiye fundi wake hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nyuma kuna friji ya volti 12 inayobeba chanjo, ambazo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mbele kuna winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama) ya ratili 9,500, yaani kama kilo 4,300. Juu kuna taa za LED, na chini ya kiti kuna betri ya pili.

Alteneta ya zamani, yaani jenereta inayozungushwa na injini, ni ya ampea 80 na imechoka. Usiku, friji na taa zikiwaka huku injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta), volti zinashuka chini ya 13. Daktari anataka alteneta kubwa zaidi, na hapo ndipo suala la mikanda linapoanza, kwa sababu umeme wote huo unapita kwenye kipande cha mpira.

Kwa wasioijua injini hii: kranki, yaani shafti kuu ya injini, inavuta mikanda miwili ya V (yenye umbo la V ikikatwa) iliyo sambamba. Inazungusha pampu ya maji pamoja na feni, kisha alteneta. Kompresa ya eisi (kiyoyozi), kama ipo, ina mkanda wake yenyewe. Pampu ya usukani haina mkanda. Inazungushwa na gia. Mkanda wa taiming uko ndani ya kifuniko chake na hauhusiki na kazi hii.

25 Januari 2025. Hesabu kabla ya kununua

Alteneta ya ampea 130 ikitoa volti 14 inatoa wati 1,820. Lakini alteneta za kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu kwa joto na msuguano. Nikichukua kwamba inayofika ni asilimia 55, mkanda lazima ubebe wati 3,300 hivi, ambazo ni zaidi kidogo ya nguvu 4 za farasi, mbali na feni na pampu ya maji. Mikanda miwili ya V ya milimita 13 inaweza mzigo huo bila shida ikiwa imekaa sawa na imekazwa sawa.

Kuna njia mbili mezani. Ya kwanza ni kubaki na mikanda ya V na kubadili alteneta tu. Ya pili ni kuhamia mkanda mmoja mpana wa mbavu (wenye michirizi iliyoinuka kwa urefu upande wa ndani), ule unaozunguka kila kitu mbele ya injini, kama magari mapya yalivyo. Daktari ameona gari la shirika fulani lililobadilishwa hivyo na amelipenda. Mkanda wa mbavu una sifa za kweli: ni mwembamba, unapinda vizuri kwenye puli ndogo (puli ni gurudumu linalobeba mkanda), na ukiwa na kikaza cha springi hujikaza wenyewe. Namba zake ni rahisi kusoma pia. 6PK1780 ni mbavu 6, urefu milimita 1,780. Mkanda wa V unasomeka hivyohivyo: 13x1000 ni upana wa juu milimita 13, urefu milimita 1,000.

Tumekubaliana kuanza na njia ya kwanza kwa kuwa ni ya bei nafuu.

8 Februari 2025. Alteneta mpya, kelele mpya

Alteneta ya ampea 130 imefika kwa basi kutoka Kampala. Shilingi 850,000, na puli ya mifereji miwili tayari imo. Kuifunga ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Mikanda miwili mipya, shilingi 70,000.

Gari liliwaka likapiga mayowe. Tukikaza mkanda, kelele inapungua. Baada ya dakika chache inarudi. Baada ya kuzungushwa Arua mjini, unga mweusi ulikuwa umetapakaa kwenye rejeta, na puli ya alteneta ilikuwa ya moto hata mkono haushikiki. Puli ikiwa ya moto kiasi hicho, mara nyingi mkanda unateleza.

Mafundi wengi wakisikia kelele hukaza. Ukikaza kupita kiasi unahamisha tatizo kwenye beringi za alteneta na za pampu ya maji, na pampu ya maji ni ghali kuliko mkanda. Kwa hiyo tulianza kwa maji. Nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, injini ikiwa inazunguka na mikono ikiwa mbali na feni. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Kelele ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazijapangana. Hapa ilinyamaza.

Rula ndefu ya chuma iliyolazwa kwenye uso wa puli ya kranki ilionyesha kwamba puli ya alteneta iko nyuma kwa milimita 4. Zaidi ya hayo, umbali kati ya mfereji mmoja na mwingine kwenye puli mpya haulingani na ule wa kranki. Tofauti ilikuwa milimita moja na nusu hivi. Maana yake ni kwamba hata ukiisogeza alteneta yote mbele, ukinyoosha mkanda mmoja unaupinda mwenzake. Kwa mkanda wa V, kupinda kunakovumilika ni kama milimita 2.5 kwa kila milimita 300 za urefu. Mkanda wa mbavu unavumilia kidogo zaidi ya nusu ya hapo.

22 Februari 2025. Puli

Kwanza tulisogeza puli kwa washa (vipande vya duara vya chuma) zilizowekwa nyuma yake. Ilikaa pale tulipotaka, lakini ncha ya shafti haikutokeza tena nje ya nati, na nati isiyoshika nyuzi zote kwenye shafti inayozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika ni hatari. Tukaziondoa siku hiyohiyo.

Dawa sahihi ni kutumia puli ya alteneta ya zamani, kwa kuwa mifereji yake inalingana na kranki. Tatizo ni tundu: shafti mpya ni nene zaidi. Fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma) alilipanua kwa shilingi 60,000, lakini puli ilishikwa kwenye taya kwa ukingo wake wa nje uliokuwa umeliwa, na tundu likatoka pembeni kidogo. Kwa jicho huoni. Injini ikiwaka, mkanda ulikuwa unacheza juu na chini kama kamba ya kurukia. Puli ile haikufaa tena.

Puli nyingine ya aina ileile, iliyotumika, ilipatikana Soko la Kisekka, Kampala, kwa shilingi 80,000, na nauli ya basi 15,000. Safari hii puli ilipangwa kwenye leti kwa kufuata mifereji yenyewe, na geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha puli ikiyumba) ikawekwa ndani ya mfereji kabla ya chuma kukatwa. Shilingi 60,000 nyingine. Anayerudia kazi hii alazimishe jambo hilo tangu mwanzo: kipimo kichukuliwe pale mkanda unapokaa, si kwenye ukingo.

Braketi ilisogezwa mbele kwa kukatwa milimita chache. Rula sasa inagusa sawa. Kelele hakuna. Tulikaza kwa kipimo cha kawaida: bonyeza katikati ya mkanda kwa nguvu ya kilo 10, ushuke kama milimita 1.6 kwa kila milimita 100 za urefu kati ya puli mbili. Mkanda mpya hunyooka haraka, kwa hiyo uzungushe dakika kadhaa, zima, kaza tena.

Gharama hadi hapa: shilingi 1,135,000.

15 Machi 2025. Mkanda wa mbavu

Mfumo wa V ulikuwa unafanya kazi. Hata hivyo daktari alitaka tujaribu njia ya pili kabla ya mvua, kwa hoja nzuri: kikaza cha springi kingemwondolea kazi ya kukaza mikanda mikono ikiwa na matope huko Bidi Bidi, kwenye kambi ya wakimbizi. Hoja hiyo sikuweza kuipuuza. Yeye ndiye anayelala huko.

Tulichonga puli tatu za aluminiamu: bangili ya kufunga mbele ya puli ya kranki, puli ya pampu ya maji na puli ya alteneta. Shilingi 540,000. Mkanda wa 6PK, 95,000. Kikaza kilichotumika, kutoka gari dogo la Toyota, 120,000. Kuchomelea braketi yake, 80,000.

Mchoro wa kwanza uliishia kwenye karatasi, na ni vizuri ulikufa huko. Ulipitisha mgongo wa mkanda juu ya pampu ya maji ili mkanda uizungukie alteneta zaidi. Mgongo wa mkanda unazungusha puli upande wa kinyume. Pampu ya maji na feni zingezunguka nyuma, na injini ingechemka bila mtu kujua sababu, kwani kila kitu kingeonekana kinazunguka. Mchoro wa pili uliacha mbavu kwenye puli zote tatu, na mgongo kwenye kikaza peke yake.

Kikaza nacho kilitusumbua. Mchomeleaji alikiweka upande wenye nafasi, na huo ulikuwa upande unaovutwa: ule ambao mkanda unaingia kwenye kranki ukiwa na mzigo wote. Kila winchi ilipoanza kuvuta, mkono wa kikaza ulirushwa nyuma na mkanda ukapiga kofi kwenye kifuniko. Kikaza hukaa upande uliolegea, mkanda unapotoka kwenye kranki. Tulikata, tukahamisha, tukachomelea upya, na mchomeleaji hakudai zaidi.

Kisha mbavu zenyewe. Kwenye mikanda ya PK, kutoka ubavu hadi ubavu ni milimita 3.56. Leti ilikuwa imekata mifereji kwa 3.5. Utasema ni kitu gani hicho, lakini kutoka mfereji wa kwanza hadi wa sita kosa limejijumlisha mara tano na kufika milimita 0.3, na ubavu wa pembeni unapanda kwenye ukuta wa mfereji badala ya kukaa ndani. Puli zilirudishwa leti na mifereji ikakatwa upya kwa kina zaidi.

Baada ya hapo mfumo ulikwenda vizuri kwenye lami. Kimya kabisa, volti 14.1 na kila kitu kimewashwa. Gharama ya jaribio hili: shilingi 835,000.

12 Aprili 2025. Njia ya Rhino Camp

Kutoka Arua, mwinuko wa takriban mita 1,200, barabara inashuka hadi bonde la Mto Nile kwenye mita 600 na kidogo. Murramu, mawe madogo, na mvua ikinyesha, matope mekundu yanayoganda kwenye kila kitu. Kurudi ni kupanda kwenye joto, na hapo feni na pampu ya maji ndiyo maisha ya injini.

Wakati wa kurudi, baada ya kuvuka dimbwi refu, taa ya betri iliwaka na baada ya muda mfupi mshale wa joto ukaanza kupanda. Daktari alizima injini mara moja, akapiga simu. Mkanda ulikuwa umehama ubavu mmoja, sehemu ukiwa nje ya puli ya kranki, na ubavu wa mwisho umechanika kamba nzima. Ndani ya mfereji wa kranki kulikuwa na kokoto iliyokwama.

Kuna mambo mawili hapo ambayo mtu anayechagua mfumo wa gari la porini ayapime vizuri. La kwanza: mfereji wa mkanda wa mbavu ni mdogo na wa kina kifupi. Kokoto ndogo ikiingia, mkanda hauna nafasi ya kuitupa. Unapanda juu yake na kuhama. Mkanda wa V unakaa ndani ya mfereji mrefu na unashika kwa mashavu yake, na uchafu una nafasi ya kushuka chini. La pili: kwenye mkanda mmoja, kinachoondoka kinaondoka na kila kitu. Pampu ya maji, feni na alteneta vilisimama pamoja. Usukani ulibaki kwa sababu tu injini hii inauendesha kwa gia. Gari lingine lingepoteza na huo pia. Kwenye mikanda miwili ya V, mmoja ukikatika mwenzake anakufikisha nyumbani, ukienda polepole na kuzima mizigo ya umeme.

Kwa simu tulimwelekeza dereva akate ubavu uliochanika kwa kisu mpaka kusiwe na uzi unaoning'inia, atoe kokoto kwa bisibisi, na arudishe mkanda kwenye mbavu tano zilizobaki. Walipanda hadi Arua bila winchi wala taa za juu, wakipumzisha injini njiani. Friji ilikuwa kwenye betri ya pili na chanjo zilifika zikiwa nyuzi 6. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja kusikia kabla ya kitu kingine chochote.

Puli za aluminiamu nazo zilikuwa zimeanza kuliwa. Vumbi la murramu lina mchanga, na mchanga kati ya mpira na aluminiamu ni msasa. Chuma kingestahimili zaidi, lakini hakingezuia kokoto.

3 Mei 2025. Kurudi kwenye V, na kinga

Tumerudisha puli za V zote na alteneta ileile ya ampea 130. Safari hii tulishughulika na mambo mawili ambayo mwanzoni hayakupewa uzito.

Mikanda iwe jozi ya kweli. Ile ya Februari ilinunuliwa mmojammoja, yenye namba moja lakini kutoka maboksi tofauti. Tuliining'iniza kwenye msumari mmoja: mmoja ulining'inia chini zaidi ya mwenzake kwa milimita 5, yaani urefu wa kuzunguka unatofautiana kwa milimita 10 hivi. Mkanda mfupi unabeba mzigo wote, mrefu unapiga makelele, na hakuna namna ya kuikaza yote miwili kwa bolti moja. Nenda dukani na msumari wako, au omba uitundike kwenye kidole. Jozi mpya iliyolingana imetugharimu shilingi 120,000. Siku ya kubadili, badilisha yote miwili, hata kama mmoja unaonekana mzima.

Angalia pia jinsi mkanda unavyokaa. Juu ya mkanda iwe sawa na ukingo wa puli au izidi kidogo. Ukizama, na sakafu ya mfereji ikang'aa, mkanda unagusa chini na hautashika hata ukiukaza namna gani. Ama mkanda ni mwembamba kwa puli hiyo, ama puli imeliwa mashavu.

La pili ni kinga ya chini. Gari hili lilikuwa halina sahani ya chini ya injini kwa muda mrefu. Tope lote la tairi za mbele lilikuwa linarushwa moja kwa moja kwenye puli ya kranki. Tumefunga kipande cha mpira mnene wa mkanda wa mashine ya kusaga kokoto, kimeshikwa kwa bolti kwenye fremu, kikiacha nafasi ya hewa kutoka. Shilingi 45,000. Ningepewa nafasi ya kufanya jambo moja tu kwenye gari linaloingia matopeni, ningefanya hili kabla ya kugusa alteneta.

Gharama ya hatua hii 165,000. Mradi mzima hadi leo: shilingi 2,135,000.

21 Juni 2025. Kwa wenye magari mengine

Wengi wamekuja gerejini wakiuliza kama wang'oe mkanda wa mbavu kwenye magari yao. Hapana. Kama kiwanda kilibuni injini kwa mkanda wa mbavu, puli zake, kikaza chake na kinga zake vimepangwa kwa ajili hiyo. Land Rover ya 200Tdi ilikuja na mikanda ya V, na 300Tdi iliyoanza mwaka 1994 ilikuja na mkanda wa mbavu. Kila moja ni nzuri ikiachwa ilivyo na ikitunzwa. Tatizo letu lilikuwa mfumo uliochongwa juu ya injini isiyo yake.

Hata huko Marekani, ambako watu huweka injini za V8 aina ya LS, za General Motors, kwenye magari ya porini, jambo gumu ni lilelile la rula. Injini hizo zina mipangilio mitatu mikuu ya puli: ya Corvette, ya Camaro na ya malori. Kila mmoja una kina chake kutoka uso wa injini, na ukichukua alteneta ya mmoja na puli ya kranki ya mwingine mkanda hautanyooka kamwe.

Mwenye mkanda wa mbavu wa kisasa asitegemee nyufa kumwonya. Mikanda ya mpira wa EPDM, iliyoenea tangu miaka ya 2000, haipasuki mapema kama ile ya zamani. Inaliwa mbavu taratibu mpaka inakaa chini ya mfereji na kuanza kuteleza ikilowa. Pima kina cha mbavu dhidi ya mkanda mpya. Zungusha kikaza na puli ya kati (ile inayouelekeza mkanda tu) kwa mkono, mkanda ukiwa umetolewa: ukisikia mchanga ndani ya beringi, badilisha sasa. Porini, beringi ya puli ya kati ndiyo hufa kwanza, na mkanda ndio hulaumiwa. Baada ya tope, osha mbavu kwa maji ya shinikizo dogo, na usipake mafuta wala sabuni ya kunyamazisha kelele.

2 Agosti 2025. Ukaguzi

Gari limerudi kutoka Yumbe baada ya majuma ya chanjo kwenye mvua. Mikanda ilihitaji kukazwa kidogo, chini ya robo ya mzunguko wa bolti. Hakuna unga mweusi. Volti 14.0 friji na taa zikiwaka, injini kwenye mizunguko 1,200. Mpira wa kinga umechanika kona moja. Tumeongeza washa pana.

Ndani ya gari sasa kuna jozi ya akiba iliyolingana, ambayo tayari imezungushwa saa kadhaa kwenye injini hii na kukazwa, kisha ikatolewa. Mkanda uliokwisha kunyooka haumlazimishi dereva kusimama tena njiani kuukaza. Spana zake mbili na chuma kifupi cha kusukumia alteneta vimefungwa pamoja nayo kwenye kitambaa kimoja, nyuma ya kiti.

Kazi iliyobaki ni beringi ya nyuma ya alteneta, ambayo imeanza mlio mwembamba. Tutaifungua Septemba, gari likiwa limepumzika.